Jiwe la kunolea la susu na mayai saba ya Anko Kioko

Nililisikia pipa kabla sijafika getini.

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mawe na wasio wa mawe. Haya yalitokea Mumbuni, hapa Machakos, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sijayatia chumvi. Yangehitaji chumvi ningekuwa nimeshayasahau. Nina hasira nayo mpaka leo, kwa hiyo mnivumilie.

Pipa ninalosema ni mtungi wa plastiki uliolazwa juu ya vyuma viwili, vinavyozungushwa na mota ya cherehani. Ndani unatia mawe, maji na unga wa msasa. Linazunguka wiki baada ya wiki, mawe yanasuguana mpaka yanakuwa laini kama peremende iliyonyonywa.

Ukitia vipande vidogo, linalia kama mvua kwenye mabati.

Siku hiyo halikulia kama mvua. Liligonga. Du. Du. Du. Kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Nikajua mle ndani kuna vitu vikubwa, na mimi sikuwa nimeacha kitu kikubwa cha kusuguliwa.

Nirudi nyuma kidogo.

Hobi yangu ilikuwa miti iliyogeuka mawe. Mti unazikwa chini ya mchanga na majivu ya volkano, maji yenye madini yanaupenya polepole, na ukija kuufukua ni jiwe tupu. Lakini pete zake zipo. Vitundu vilivyopitisha maji vipo. Ukibahatika, hata gome lipo. Ni mti bado, ila hauwezi kuungua.

Mwenzangu kwenye hobi hiyo alikuwa Anko Kioko, kaka yake marehemu mama. Anko alichonga twiga na vifaru vya mti wa muuku huko Wamunyu tangu ujana wake. Mimi nilikuwa na lenzi, yeye alikuwa na mate. Nikikata jiwe kwa msumeno wa vigae, analilowesha kwa kidole, analigeuza juani, kisha anasema, "Hii ni ndugu ya muuku. Angalia vitundu vyake." Mara nyingi alikuwa sawa. Sitamnyima hilo hata kwa hasira.

Sasa, jiwe lenyewe.

Susu, yaani bibi yangu, mama yake Anko, aliishi Yatta. Nje ya jikoni lake kulikuwa na jiwe la kunolea, kubwa kama mkate, lenye bonde katikati. Bonde hilo lilichimbwa na visu na mapanga. Mama mkwe wake alinolea hapo, mume wake akanolea hapo, halafu yeye. Mimi nililikalia tangu utotoni nikimenya mihogo, bila kujua nimekalia mti.

Siku niliyolimwagia maji nikaona pete, niliita kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

Susu alicheka. "Kwa hivyo nimekuwa nikinoa panga kwa mti? Mti ndio ulikuwa unakatwa na panga. Huu umelipiza."

Nikamwomba jiwe. Alifikiri sana. Mwishowe akasema, "Kata upande mmoja tu, kidogo. Hapa katikati usiguse. Na ulirudishe, niko na visu."

Nikaahidi.

Nilikata kipande kimoja chembamba kutoka mwisho wa jiwe, nikaenda nacho Nairobi kumwonyesha profesa mmoja wa mimea, nikamsubiri huko zaidi ya mwezi. Jiwe lenyewe nililiacha kwa Anko, Mumbuni, kwenye rafu karibu na pipa letu.

Kosa langu ni hili, na nalisema kabla hamjaniuliza. Mawe yasiyopaswa kuguswa nilikuwa nayapiga alama ya rangi nyeupe. Jiwe la susu sikulipiga. Niliona aibu kulipaka rangi.

Profesa alitazama kipande changu kwa muda mrefu. Akasema vitundu ni vizuri sana, ila ili aseme ni mti gani kwa uhakika anahitaji kuona gome. Gome lilikuwa upande wa pili wa jiwe. Nilirudi Machakos nikiwa mwepesi kama niliyeota mbawa.

Halafu nikalisikia pipa.

"Anko, jiwe la susu liko wapi?"

"Mwende, karibu kwanza. Usiniangalie hivyo, ngoja nikuoshee moja uone."

Akafungua mtungi, akaingiza mkono kwenye tope la kijivu, akatoa yai. Yai la jiwe, kahawia na jekundu, pete zikizunguka kama alama za kidole gumba. Lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloniuma, lilikuwa zuri kweli.

Alikuwa amelikata jiwe vipande saba. Bonde halipo. Gome limekuwa tope chini ya mtungi.

"Lilikuwa limekaa vibaya," akasema. "Limechimbika hapa katikati, limekwaruzwa kila mahali. Sisi wachongaji tulikuwa tunarudishiwa twiga mzima na wanunuzi kwa sababu ya alama moja ya patasi. Siwezi kuacha kitu hivyo."

"Ile mikwaruzo ndiyo ilikuwa jiwe, Anko."

"Jiwe ni la kwetu. Nilinoa panga hapo kabla mama yako hajazaliwa. Wewe na lenzi yako ndio mtanifunza?"

Nikageuka, nikatoka nje. Ningemjibu, ningesema neno ambalo halirudi.

Wakuu, kuna wenzetu humu wanaoweka picha za mawe yanayong'aa kama vioo, na kila mtu anapongeza. Sikatai. Pipa ni la vipande vilivyokwisha kusomwa. Kitu ambacho bado hujakielewa usikilainishe. Kung'aa si kukamilika. Na kama umekabidhiwa kitu cha mtu, piga alama, hata kama ni aibu, hata kama unamwachia mtu wa damu yako. Ninyi mngefanyaje na mjomba kama huyu? Mngeendelea kukata mawe naye? Semeni hapa chini, nitasoma yote, hata ya kunisuta.

Lakini sijawaambia susu alivyolipokea.

Alikuja mwenyewe Ijumaa iliyofuata, hatukumwita. Anko akamwekea mayai saba mezani, juu ya kitambaa cheupe.

"Mwaitu, mama yangu, nimekutengenezea."

Susu aliyaangalia moja moja. Kisha akafungua kiondo chake akatoa kisu cha jikoni, kimefungwa gazeti. Alikuwa amekuja nacho kikiwa butu, akijua jiwe lake liko hapa.

Akachukua yai, akapitisha kisu. Kikateleza. Akapitisha tena. Kikateleza.

"Halinoi," akasema.

"Ni ya kuweka kabatini, Mwaitu. Ya kuangalia."

"Mimi sina kabati, Kioko."

Nikatoa mfukoni kile kipande nilichopeleka Nairobi, nikampa kwa mikono miwili. Kingo zake zilikuwa bado kali. Alikigusa kwa kidole gumba, akanirudishia bila kuniangalia.

Akakifunga kisu chake kwenye gazeti lilelile, akakirudisha kiondoni. Anko akainuka amsindikize. Susu akainua mkono, akamzuia, akatoka, akavuta mlango mwenyewe mpaka ukabana.