Saa Alizoingia Mwalimu

Nilikuwa sijamaliza mwaka katika kiwanda cha nguo pale Thika nilipopewa kazi ya kupanga syslog. Tulikuwa na seva mbili za Unix, moja kwetu kiwandani na nyingine kwenye ghala letu la Ruiru, zimeunganishwa kwa laini ya simu. Ile ya Ruiru ilizima ghafla mara mbili au tatu kwa wiki, na ikiwashwa tena hakuna aliyejua ilikuwa imepatwa na nini. Meneja akaniambia nitafute njia ya kuifanya iseme yenyewe.

Syslog ilikuwa ndiyo njia hiyo. Ni programu inayokaa ndani ya mashine ikisikiliza. Diski ikileta shida, mtu akiingia kwenye mfumo, nywila ikikosewa, inaandika mstari mmoja kwenye faili, na saa pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuieleza, katika faili fupi la maagizo, ni ujumbe gani uandikwe na upelekwe wapi. Nilitaka ujumbe wa Ruiru uje Thika, ili hata mashine ya kule ikifa niwe na la kusoma.

Siku mbili hakikuandikwa chochote. Ilikuwa Julai, baridi na manyunyu, na chumba cha kompyuta kilinuka rangi ya vitambaa, harufu iliyopita chini ya mlango. Siku ya tatu nikampigia simu mwenzangu wa Ruiru. Alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu, mwenyeji wa Mwiki, aliyeanza kazi hii enzi kompyuta zililishwa kadi za kutobolewa. Nilimwita Mwalimu, maana karibu kila nilichojua nilikipata kwake kwa simu.

"Nisomee huo mstari wa maagizo," akasema.

Nikamsomea.

"Hapo katikati umeweka nini, spesi ama tab?"

"Spesi."

"Ndiyo hiyo sasa. Hii kitu haitaki spesi, inataka tab. Na ukikosea haikwambii. Inanyamaza tu."

Nikafuta, nikabonyeza kitufe cha tab, nikaiamuru programu isome maagizo upya. Mara mstari wa kwanza kutoka Ruiru ukatokea kwenye skrini yangu. Nilipiga kelele kwenye simu, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Lakini umeweka kila kitu," akasema alipopata pumzi. "Hizo za watu kuingia na kutoka zitoe. Tunatafuta ugonjwa wa mashine, si wa watu."

"Wacha tu zikae, Mwalimu. Huwezi jua gani itatusaidia."

"Haya. Faili ni lako."

Wiki hiyo hiyo tukajua shida ni diski. Mistari ilikuja mfululizo kabla mashine haijazima, yote ikisema sehemu fulani haisomeki. Diski mpya ikaletwa, seva ya Ruiru ikatulia, na meneja akanisifu mbele ya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilienda nyumbani nikijiona mtu.

Nikaendelea kusoma lile faili kila asubuhi, hata pale ambapo hapakuwa na shida tena. Ndivyo nilivyoona saa za Mwalimu. Mwanzoni aliingia kwenye mfumo saa mbili kasoro, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwezi wa tisa ikawa saa nne. Kisha saa sita. Siku nyingine jina lake halikuwepo kabisa. Nilipomuuliza kwa simu alisema ni kifua, baridi ya Ruiru. Sauti yake ilikuwa imekonda, kama inapita kwenye kitambaa. Sikuuliza zaidi. Miaka ile watu walikuwa wakikonda na kuondoka, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku moja meneja akaingia akasimama nyuma ya kiti changu.

"Ile kitu yako, inaandika watu wanaingia saa ngapi?"

"Ndiyo," nikasema. Nilisema haraka, kwa fahari.

"Na ya Ruiru pia?"

Hapo nikaelewa anamtafuta Mwalimu. Ningeweza kusema faili hufutwa kila wiki. Ningeweza kusema mashine ya Ruiru saa yake ni mbovu. Nikasema ndiyo.

"Niprintie ya miezi mitatu. Yake peke yake."

Printa ilichukua muda mrefu, ikikwaruza mstari kwa mstari. Simu ilikuwa kando ya mkono wangu wa kushoto. Sikumpigia.

Mwalimu alikuja Thika mwenyewe kuchukua barua ya kuachishwa kazi. Akapitia kwangu. Koti lilimning'inia mabegani kama la mtu mwingine, na alikaa kabla hajakaribishwa.

"Nilikuwa naenda kliniki asubuhi," akasema. "Msimamizi wa ghala aliniruhusu."

"Aliandika?"

"Aliniambia tu kwa mdomo. Sasa anasema hakumbuki."

"Mwalimu, mimi ndiye—"

"Najua. Hakuna mwingine anajua kutoa hiyo faili." Hakusema kwa hasira. Aliitazama skrini kwa muda, akaniuliza kama seva ya Ruiru imezima tena. Nikamwambia hapana. "Basi diski ilikuwa ndiyo," akasema, akainuka kwa kushikilia meza.

Alipotoka nilifungua faili la maagizo nikaufuta ule mstari wa kuingia na kutoka. Hakuna aliyegundua.

Alifariki kabla ya mvua za Aprili. Habari ilinifikia siku ya pili, na nilipofika Mwiki walikuwa wameshamzika. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, leso kichwani. Nilipojitambulisha alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye yule msichana wa Thika," akasema. "Alikuwa akikutaja sana. Alisema ulikuwa unashika mambo haraka."

Akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu ambaye ameshauliza wengi:

"Hivi nani alimpelekea meneja hizo karatasi?"

"Sijui, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaniongezea chai.