Sajenti, Mbwa Aliyepauka

Enzi zetu Kayole, mtoto kutoka nje akiwa amepauka kuliuaibisha ukoo mzima. Kila asubuhi kabla ya shule Mama alitupanga mlangoni, akatukwaruza miguu kwa ukucha, na ukucha ukiacha mstari mweupe tulirudishwa ndani tukapakwe upya yale mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe, mpaka tung'ae kama mandazi ya moto. Wenzangu mnajua. Tuliteleza hata kushika kalamu. Watoto wa leo wana losheni ya mikono, ya miguu na ya kulalia, na bado ukiwaambia wapake wanakuuliza kwa nini.

Basi siku Sajenti alipoanza kutoa magamba, hatukuwaza ugonjwa hata kidogo. Sajenti alikuwa mbwa wa ploti yetu, rangi ya chai ya maziwa, hana mwenyewe ila ni wetu sote, watoto kumi na mmoja wa nyumba nane. Akijikuna, vumbi jeupe liliruka mgongoni kama unga wa chapati. Nikamkwaruza kwa ukucha, nikaona mstari. Nikatangaza, kwa mamlaka ya mtoto wa darasa la nne, kwamba Sajenti amepauka.

Mama Wambui, jirani yetu aliyekuwa na mtoto mchanga, hakukubali. Alisema ule ni upele na utamwambukiza mtoto wake. Akamwendea Mzee Mutiso, keateka, yaani msimamizi wa ploti, naye akatoa hukumu: mbwa asipopona kufikia Jumapili, atapakiwa kwenye mkokoteni akatupwe mbali, asikojua njia ya kurudi. Tulilia, lakini si sana, kwa sababu dawa tulikuwa nayo nyumbani.

Tulimuosha kila siku baada ya shule, siku nyingine mara mbili, kwa sabuni ya unga ya kufulia, tena tukizidisha kipimo kwa mapenzi. Tukamsugua kwa brashi ya viatu. Kisha mafuta. Kopo la Mama lilikuwa la familia nzima kwa mwezi mzima, nasi tulilimaliza kwa siku nne. Sajenti aling'aa kama bibi harusi kwa dakika tano hivi, halafu akaenda kujigaragaza vumbini na kurudi kama chapati iliyoangukia mchanga. Tulicheka mpaka mmoja wetu akajikojolea. Simtaji, siku hizi ni mzee wa kanisa. Lakini kadiri tulivyoosha ndivyo magamba yalivyozidi, na kufika Alhamisi nilikuwa naogopa kwelikweli.

Jumamosi daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi mwenye gambuti, alikuja uwanja wa kanisa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Tukampeleka Sajenti kwa kamba ya kuanikia nguo. Daktari alimshika, mkono ukateleza. Akayatenganisha manyoya hapa na pale akitafuta viroboto na utitiri, akachungulia masikioni, hakuona kidonda wala mahali palipopata upara. Akatuuliza tunamuosha mara ngapi, na kwa nini. Tukamweleza yote kwa fahari.

"Ugonjwa wa huyu mbwa ni nyinyi," akasema.

Kumbe ngozi ya mbwa ina mafuta yake yenyewe, na kila jioni tulikuwa tunayafua yote. Sabuni iliyobaki ikamkausha zaidi, na mafuta ya Mama yakabaki kazi yake kushika uchafu. Akatuambia tuache kumuosha wiki kadhaa, na baadaye iwe mara moja moja tu, kwa sabuni ya mbwa, asuuzwe mpaka maji yatoke safi. Tumchane manyoya. Tena ugali mtupu hautoshi, tumtilie omena, wale dagaa wa ziwani, na yai siku likipatikana. Akiendelea kujikuna baada ya mwezi, au manyoya yakianza kunyonyoka, tumrudishe.

Mwezi, na sisi tulikuwa na siku moja.

"Daktari, lakini kesho anaenda kutupwa," nikasema.

Akachukua kadi ya chanjo akaandika kwamba mbwa huyu haambukizi. Ila kadi ilitaka jina la mwenye mbwa, mtu mzima. Tukatazamana. Ndipo nikamwona Mama akivuka uwanja, kopo tupu mkononi, na nikajua leo ni leo. Mama hakupenda mbwa; alizoea kusema mbwa ni mdomo wa kulishwa bure. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamtazama Sajenti anavyong'aa, akanitazama mimi.

"Andika Mama Atieno," akasema; Atieno ndiye mimi. "Amemaliza mafuta ya mwezi mzima, basi huyu ni mtoto wangu."

Jioni nilichapwa, hilo halikuepukika. Lakini Mzee Mutiso aliisoma kadi mara mbili na mkokoteni haukuja. Mama Wambui mwenyewe akaanza kutuwekea vichwa vya omena, na kabla ya likizo Sajenti alikuwa na manyoya ya kuonewa wivu.

Binti yangu anaishi Komarock na kambwa kenye sweta. Mwezi uliopita kalianza kutoa magamba, akakapiga picha, akaituma kwa daktari, shampuu ikaletwa mlangoni, na kamepona bila mtu kulia. Nikafurahi, nikamuuliza majirani walisemaje. Akanishangaa. "Mum, majirani wangejuaje?"