Muuguzi wa Ng'ambo ya Mto

Muuguzi wa zahanati yetu, huku mbele ya Mwandoya, hatulii. Kutoka kaya moja hadi nyingine ni mbuga tupu na vumbi la ng'ombe, naye kila mara hupanda kichuguu kutafuta mtandao, kiganja juu ya macho, akiitazama barabara.

Masika yaliyopita mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu, mtoto ametanguliza miguu. Nilimfuata muuguzi kichuguuni, nikamsikia dereva wa gari la wagonjwa simuni: “Dada, mto umejaa. Tunageuza.”

Muuguzi akarudi ndani, nami nyuma yake. “Mayu, mama yangu, gari linakaribia,” alimwambia mzazi. “Sukuma.”

Mtoto alipolia, muuguzi alinikabidhi, akatoka nje, akaegemea ukuta akitetemeka mpaka ng'ombe wakarejea zizini.