Vipande Vitatu vya Barafu

Friji ile ilitoka Shimanzi, kwenye godauni alikofanya kazi mume wangu, katika miaka ya tisini, ndoa yetu haijatimiza mwaka. Ilikuwa kuukuu ya ng'ambo, pana kama kabati la nguo, na ili ipite kwenye nyumba ya kwao, Mji wa Kale, ilibidi mlango wa jikoni ung'olewe. Ndani ya friza mlikuwa na mashine inayotengeneza barafu yenyewe. Humimini maji, hujazi chochote. Unasikia tu vipande vinaporomoka humo ndani.

Mimi ni mtu wa kuchungulia, tangu utotoni. Nilikuwa nikifungua mlango wa friza ghafla ili niifume ikifanya kazi, na kila mara nikaikuta imetulia. Siku moja nikatia kidole kwenye vijiti vinavyosukuma barafu, vikaanza kuzunguka, nikachomoa mkono mbio. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanionyesha waya uliopinda pembeni. Ukiuinua, mashine inasimama, ukiushusha, inaendelea. Akaniambia nisitie mkono kabla sijauinua. Hayo ndiyo mafunzo yote tuliyopata, maana kitabu chake kilibaki huko ilikotoka.

Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua homa ya matumbo. Daktari aliagiza asinywe maji ila yaliyochemshwa, na kazi hiyo nikapewa mimi, bi harusi. Kila alfajiri baada ya kusali nilichemsha maji matamu tuliyonunua kwa wauzaji wa mikokoteni, nikayaacha yapoe, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayatia kwenye mtungi uliofukizwa ubani, kama alivyozoea yeye. Adhuhuri nilimpelekea bilauri yake chumbani, na vipande vitatu vya barafu. Alipenda kuitikisa bilauri kabla ya kunywa, asikie barafu ikigonga kioo.

Wiki ya tatu homa ikarudi. Daktari akaandika dawa upya, akauliza mgonjwa anakunywa maji gani. Wifi yangu akanitazama. Baadaye, jikoni, kwa ile sauti ya upole aliyoitoa akitaka kuumiza, akasema wapo wasichana wa siku hizi wanaoona mvuke tu wakadhani maji yamechemka. Nilighadhibika, nikaisugua sufuria kama niliyegombana nayo. Mama mkwe mwenyewe hakusema neno, na kimya chake ndicho kilichoniumiza zaidi. Ningeonekana mzembe katika nyumba ile, habari zingefika kwa mama yangu, upande wa pili wa Makadara, kabla ya chakula cha mchana.

Basi nikaanza kupekua. Nilichemsha maji mpaka yakapungua nusu. Nilibadili kitambaa, nikabadili muuzaji, nikaupiga mtungi maji ya moto. Homa haikuondoka.

Jibu nililipata kwa sababu ya kiu. Nilirudi sokoni mchana, joto la kaskazi limenikausha koo, nikatia kipande cha barafu kitupu mdomoni. Kilikuwa na chumvi. Nilikitema kiganjani, nikakitazama, nikakirudisha mdomoni nihakikishe. Siku zote barafu ile tuliitumbukiza kwenye sharbati, au maji ya ndimu, au maji ya ubani ya mgonjwa ambaye mdomo wake haukuwa na ladha. Hakuna aliyewahi kuionja peke yake.

Maji yetu matamu hayakuwa na chumvi. Yenye chumvi yalikuwa ya kisimani. Nikaisogeza friji, nikaona nyuma yake mpira mwembamba mweupe unaotokea dirishani na kupanda ukutani. Niliufuata kwa macho, halafu kwa ngazi, mpaka juu ya paa. Uliishia kwenye tangi la maji ya kisima, yale ya kufulia na ya chooni. Kifuniko kilikuwa kimesogea. Kunguru mmoja alisimama ukingoni akinywa kwa raha zake, na ndani manyoya yalikuwa yakielea.

Nilicheka kwanza, halafu nikakumbuka kazi yangu ya kila siku. Nilikuwa nikichemsha, nikichuja, nikifukiza, kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikitia vipande vitatu vya maji ya kunguru. Nyumba nzima ya watu waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba barafu ni maji. Tuliona imetoka kwenye mashine na ni baridi, tukaridhika.

Nilishuka, nikauinua ule waya, nikamwaga barafu yote. Jioni nilimpandisha mume wangu juu ya paa. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyemwambia fundi aunganishe mpira kwenye tangi, kwa sababu mfereji wa jikoni ulikuwa ukikauka siku nzima nzima. Hakubishana, asubuhi yake aliukata. Wifi alisema yeye tangu mwanzo hakuipenda ile mashine.

Akabaki mama mkwe. Nilikaa miguuni pake, nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba mkono uliokuwa ukiitia barafu ni wangu. Nilitarajia maneno makali, tena niliyataka, kuliko kile kimya.

"Mwanangu, mimi sikukudhania hata siku moja," alisema. "Kila alfajiri nalikuwa macho, nikikusikia na sufuria yako. Chakula kilinishinda, lakini maji yako naliyanywa yote, na barafu yake nikiitafuna. Nalijua yatoka mkononi mwako."

Wiki zote zile nilikuwa nimetamani kusikia kwamba ananiamini. Nililia mbele yake, naye akaniacha nilie. Kisha nikanawa uso, nikammiminia bilauri kutoka mtungini. Aliipokea, akaitikisa kama alivyozoea, na haikutoa sauti. Akanitazama, akainywa yote.