Kalamu Isiyo na Wino

Mwaka 1931, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule ikaishia hapo. Brashi nilijifundisha mwenyewe. Mabango yote ya maduka ya Igalula ni mkono wangu. Basi Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Ujamaa akanipa kazi ya kuchora picha za kisomo cha watu wazima. Nikapanda treni hadi Tabora kununua karatasi ya stensili, ya mashine ya kurudufu ya ofisi ya kijiji, na kalamu yake ya chuma.

"Nikuonyeshe inavyotumika, mzee?" aliuliza kijana wa Kihindi mwenye duka.

"Nilianza kuchora wewe hujazaliwa."

Nyumbani nikachora jembe. Macho yangu hayakuona alama. Nikadhani wino haujashuka. Nikakandamiza, nikachora tena, mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe, kuijaribu tu kalamu, nikamchora Mwenyekiti amesinzia mkutanoni, tumbo magotini, mate yanamtoka. Wapi!

Asubuhi nikaenda na karatasi na kalamu ofisini kulalamika. Mwenyekiti alikuwepo.

"Babu, kalamu hii haina wino," karani alicheka, akiibandika karatasi kwenye mashine. "Inachana nta ya karatasi. Wino uko humu."

Kabla sijamshika mkono, akazungusha. Yakatoka majembe yaliyopandana, na Mwenyekiti amelala juu yake.

Mwenyekiti aliichukua karatasi, akaitazama.

"Kalamu yako ni nzima kabisa, mzee."

Leo nina nyumba ya bati, baiskeli, ng'ombe wawili, brashi zangu na kalamu ya chuma. Kazi ya kisomo sina.