Mgeni Katikati ya Mbuzi

Harufu ya nyasi zinazoungua njia ya Msalato hunirudisha siku ile upepo ulipousukuma moto wa porini kuelekea zizi letu. Bibi alifungua zizi, mbuzi wakatoka mbio, lakini punda wetu akagoma kabisa.

“Mvute mtoto wake, mjukuu wangu! Mama atafuata!”

Nikamkumbatia mwanapunda shingoni, kwenye manyoya laini yenye joto, nikamvuta. Kweli mama yake akatufuata hadi korongoni, kwenye mchanga mtupu ambako moto haukuwa na cha kula.

Moto ulipotupita, tukaona digidigi amesimama katikati ya mbuzi, anatetemeka.

“Na wewe umekuja na nani?” Bibi alimuuliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Digidigi hakukimbia. Akajilaza karibu naye.