Neno Moja la Bulaimu

Kabla Kindu haijaitwa mji, pale kivukoni kwenye mto Lualaba, Bulaimu alikuwa mtu pekee aliyejua Kiingereza. Yaani, alijua neno moja: "get", kwa matamshi yake geti. Mwaka mzima alimbebea mizigo Mwingereza msafiri, na neno lile lilichapa kazi kuliko wapagazi wote. Geti: amka. Geti: leta maji. Geti: toka hapa. Geti: panda mtumbwini. Bulaimu alihesabu maana kumi na nne, akarudi nyumbani kifua mbele kama aliyeoa binti wa sultani.

"Luga ya neno moja!" mke wake Safi alimcheka. "Hata mbuzi yangu iko na moja."

Mwaka 1884 ukapita msafara wa Waingereza wawili. Nyampara, msimamizi wa wapagazi wao, akamshika Hamadi, mdogo wake Bulaimu, abebe mzigo mpaka ziwa Tanganyika. Hamadi alikuwa na kidonda mguuni, kikubwa kama kiganja. Kwa mguu ule hata Kabambare ya njiani asingeiona.

"Haya, mukalimani," Safi akasema, safari hii bila kicheko. "Enda useme na Wazungu wako."

Bulaimu akaenda. Akawakuta wawili wale wanakunywa chai. Akafungua kinywa, akazipitia maana zake kumi na nne. Zote amri, na mwenye kuamriwa alikuwa yeye. Ya kuomba haikuwamo hata moja. Akawaacha na chai yao.

Sasa, wapagazi walikuwa na desturi yao: anayeinua mzigo kutoka chini kwa hiari yake, ni wake mpaka kambi ya mwisho, na aliyeuacha haulizwi kitu. Bulaimu akaenda kwenye mstari, akauinua wa Hamadi, akajitwika.

"Yaya, kaka yangu, tua! Tua mzigo!" mdogo wake akalia.

"Nyamaza. Peleka ule muguu kwa Safi, aukande na maji ya moto."

Alirudi baada ya miezi kumi na sita, mbavu nje, mabega yamechubuka. Aliyemvusha mto ni Hamadi, amesimama mtumbwini kwa miguu yote miwili. Safi alimshika mumewe uso, akalia kwanza, kisha akakumbuka uchokozi wake.

"Maneno yamekuwa ngapi?"

"Mbili. Nimepata la kuomba. Plizi."

"Na ule Muzungu wa kwanza, mwaka muzima hakulisema?"

"Alikuwa peke yake, Safi. Hili wanaambiana wao kwa wao."